Mchezaji wa Kikapu Mwenye Hasira za Karibu: Namna ya Kuzipa Hasira Hizo Kazi

Mchezaji aliyefukuzwa uwanjani haruhusiwi kukaa benchi. Kanuni za kimataifa zinamtaka aende chumba cha kubadilishia nguo akae humo mpaka mechi iishe, au aondoke kabisa kwenye jengo. Mimi nilikwenda chumbani. Ilikuwa nusu fainali, zimebaki dakika 3, tunaongoza kwa pointi 4, na nilikuwa nimepewa faulo ya pili ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu, kwa kumfuata refa hadi mezani kumwonyesha mkono wangu uliokwaruzwa. Kati ya chumba kile na uwanja palikuwa na ukuta mmoja tu. Sikuona kitu, lakini nilisikia vyote: viatu vikilia sakafuni, mpira ukidunda, kisha makelele. Baada ya muda nikaanza kuyatofautisha makelele. Ya mashabiki wetu yalikuwa mafupi. Tulifungwa kwa pointi 2.

Msimu uliofuata niliamua kuwa mpole. Kila mtu alikuwa ameniambia hasira hasara, nami nikaamini. Nikisukumwa, naomba radhi mimi. Nikipokonywa mpira, nanyamaza na kurudi taratibu. Ribaundi zangu, yaani mipira ninayodaka mtupo ukikosa, zikapungua, kwa sababu kila mpira niliufikia nimechelewa nusu hatua, na niliyekuwa namkaba akawa anafurahi kunikuta mbele yake. Katikati ya msimu tukapata kocha mpya. Alinivumilia mechi 3, kisha akaniita pembeni.

"Nani amekwambia uache hasira?"

"Kila mtu, kocha."

"Walitaka uache mdomo. Hasira nazihitaji pale chini ya ubao. Kesho njoo nazo."

Leo na mimi ni kocha wa vijana, miaka mingi sasa, na kila msimu analetwa kwangu angalau mmoja ambaye wazazi na walimu wamechoka naye. Wanamleta wakisema, "Mkali mno, kocha, tusaidie kumtuliza." Huwa simtulizi. Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya kocha au mzazi aliye naye.

Kwanza jua hasira inafanya nini mwilini

Ukipandwa na mori, moyo unakwenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli mikubwa ya mapaja, mgongo na mabega, pumzi inakuwa fupi, na macho yanakaza kwenye kitu kimoja mbele yako. Kwa muda mfupi una nguvu kuliko kawaida. Ila vidole vimekakamaa, na yule mwenzako aliye peke yake kona ya kushoto humwoni kabisa, hata kama anakuita.

Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walionyesha jambo ambalo makocha tunalitumia kila siku, wengine bila kujua lilikotoka: msisimko ukipanda, utendaji nao unapanda, mpaka mahali fulani, kisha unaanza kushuka. Tena kazi ikiwa ngumu na ya kuhitaji umakini, mahali hapo panafika mapema zaidi. Kazi nyepesi inastahimili msisimko mkubwa.

Sasa lete hilo uwanjani. Kikapu kina kazi za aina mbili. Zipo za miguu na kifua: kukimbia kurudi kulinda, kumsukuma mtu kwa mgongo ili asifikie ribaundi, kusimama kama nguzo kumwekea mwenzako kizuizi, kupiga mbizi kuufuata mpira unaoviringika, kumkaba mpiga dribo urefu wote wa uwanja. Na zipo za vidole na macho: mtupo huru, mtupo wa pointi 3, pasi ya kupenya katikati ya mabeki wawili, uamuzi wa kupiga au kutopiga. Hasira ni mtumishi hodari wa kazi za kwanza. Kwenye kazi za pili ni mharibifu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayompa mchezaji mkali ni hii, na ninaisimamia bila huruma: ukishakasirishwa, huruhusiwi kujitafutia mtupo wako mwenyewe mpaka umemaliza zamu mbili za ulinzi. Zamu mbili tu. Ukipata mpira kabla ya hapo, toa pasi ya karibu, uende ukamwekee mtu kizuizi. Wengi hutaka kulipiza kwa kufunga papo hapo. Umepigwa kiwiko, unaomba mpira, unaingia peke yako kati ya watu watatu, unapoteza. Nimeiona mara nyingi mno. Deni lile lilipe kwa miguu.

Mtazame Dennis Rodman. Alikuwa na urefu wa mita 2 na kidogo, mdogo mbele ya majitu aliyokabana nayo, na bado aliongoza NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, kwa wastani wa ribaundi misimu 7 mfululizo, kuanzia 1991–92 hadi 1997–98. Moto wake wote aliupeleka ubaoni, na ubingwa akaupata mara 5. Lakini Januari 1997, baada ya kuanguka nje ya mstari, alimpiga teke mpiga picha aliyekuwa ameketi pembezoni, akafungiwa mechi 11. Mtu ni yuleyule na moto ni uleule. Chini ya ubao ulikuwa na kazi, pale nje ya mstari haukuwa na kazi yoyote.

Daftari

Kabla ya kufundishwa chochote kingine, mchezaji wangu mkali ananunua daftari dogo. Baada ya kila mechi, kabla hajaoga, anaandika kila mara aliyokasirika, katika safu tatu: kilichotokea, nilihisi wapi mwilini, na nilifanya nini mara moja baada ya hapo. Hakuna sentensi ndefu. Hakuna kujieleza wala kujitetea.

Nimeng'ang'ania daftari kwa sababu ya binti mmoja aliyevaa jezi namba 7. Alipokuja kwangu alikuwa na miaka 16, mfungaji wa kuzaliwa, na hakuwa anamaliza mechi. Robo ya tatu tu keshafikisha faulo 4, bado 1 atolewe, robo ya nne anakaa benchi analia. Wote tuliamini anachokozwa na wapinzani, kwa sababu kweli walikuwa wanamsukuma. Daftari likasema mengine. Katika mechi moja alipata faulo 5, na nilipokaa naye tukazipitia kwenye video, 4 zilikuja sekunde chache baada ya yeye mwenyewe kukosa mtupo. Anakosa, anakunja uso, anamkimbilia mtu wa kwanza mwenye mpira na kumpiga mkononi. Mpinzani hakuwa amemfanya lolote. Alikuwa anajikasirikia mwenyewe, na aliyelipa ni huyo aliyekuwa karibu.

Ukishajua hilo, dawa inabadilika. Ningemfundisha kuvumilia viwiko ningepoteza msimu mzima. Alichohitaji ni kitu cha kufanya baada ya kukosa. Wako wengine ambao hawajali kukosa hata mara 10, ila mwenzao asipowapa pasi wakiwa wazi, wanazima kabisa na kuacha kukaba. Wengine ni refa. Wengine ni sauti ya baba kutoka jukwaani, na hilo linahitaji kikao na baba, si na mtoto. Usikisie. Andika mechi 5 au 6, ndipo ujue.

Safu ya pili, ya mwilini, wengi huiona haina maana. Ni ya thamani kuliko zote. Hasira ina mlango wake wa kuingilia kwa kila mtu: taya linabana, masikio yanapata joto, ngumi inajikunja, kifua kinajaa. Namba 7 aliandika "kifuani" mara 9 mfululizo. Baada ya hapo alikuwa na kengele. Kifua kikijaa anajua moto umewaka, kabla hata mkono haujanyanyuka.

Sekunde zinazofuata filimbi

Mechi nyingi za mchezaji mkali huamuliwa katika sekunde 5 hivi baada ya kuudhiwa. Ndizo za kufanyia mazoezi. Ninafundisha utaratibu mmoja, na nautaka ufanyike vilevile kila mara, mazoezini na kwenye fainali.

Geuza mgongo. Kwa aliyekuudhi, awe mpinzani au refa, mwonyeshe namba ya jezi yako. Ukiendelea kumtazama uso, moto unapata kuni. Kisha gusa kitu: pindo la bukta, soli ya kiatu, chochote, mradi ni kilekile siku zote. Mkono ukishapata pa kushika, hauna nafasi ya kunyoosha kidole. Halafu toa pumzi nje, ndefu, kama unayepuliza uji. Watu husema "vuta pumzi," lakini kuvuta pumzi kwa nguvu kunaongeza mapigo. Kinachoyashusha ni kuitoa taratibu. Mwisho jiambie neno moja, na neno hilo liwe kazi.

Hapo kwenye neno nitakaa kidogo. Tangu utotoni mtu mkali anaambiwa "tulia." Tulia si kazi. Mwili umejaa nguvu, unauliza niende wapi, nawe unaujibu usiende popote. Hauwezi. Utakaa sekunde 10 kisha ulipuke vibaya zaidi. Lakini ukiuambia "ubao," unajua pa kwenda. "Rudi" ni neno zuri kwa mchezaji anayekasirika akikosa: maana yake kimbia urudi kulinda, uwe wa kwanza kuvuka mstari wa kati. "Miguu" ni kwa anayekaba kwa mikono. Namba 7 tulimpa mawili, "rudi" akikosa na "ubao" akipigwa.

Mpira ukiwa umesimama una nafasi ya kufanya yote manne. Mpira ukiwa unachezwa huna, basi chukua neno tu na ukimbie. Ukiwa kwenye mstari wa mtupo huru, kumbuka umepewa sekunde 5 kwa kanuni za kimataifa, na 10 kwenye NBA. Mwenye hasira hutumia 1 na nusu. Tumia zote zilizo zako. Mtupo huru ni kazi ya vidole, na vidole vyako muda huo vimekakamaa, kwa hiyo vikunjue, vinyooshe, dunda mpira mara zile ulizozoea, toa pumzi, ndipo urushe.

Kuchokozwa mazoezini

Utaratibu ulioujaribu chumbani mbele ya kioo hautakufaa kitu robo ya nne. Lazima uufanye ukiwa umekasirika kweli, na mahali salama pa kukasirikia ni mazoezini.

Mwanzo wa msimu ninawaambia wachezaji wote: kuna siku nitakuwa refa mbaya. Siwaambii siku gani. Siku ikifika, tunacheza mechi ya dakika 10, timu ya mchezaji mkali inaanza ikiwa nyuma kwa pointi 6, nami napiga filimbi za uonevu. Namwitia kutembea na mpira asipotembea. Akipigwa mkono nanyamaza. Kanuni ni moja: atakayelalamika kwa mdomo au kwa mikono, mpira unakwenda upande wa pili. Mara ya kwanza timu yake hupoteza mpira mara 5 au 6, na wenzake wanamkasirikia yeye badala yangu. Mara ya tatu au ya nne utamwona anageuka mgongo, anashika bukta, anakimbia. Mara nyingine timu iliyoonewa inashinda, na furaha yao ni kubwa kuliko ya ushindi wa kawaida.

Kuna mpaka, na kocha asiyeuona asifanye zoezi hili. Mchokoze mtoto kwa filimbi, kwa matokeo, kwa uchovu. Usimchokoze kwa matusi, wala kwa mwili wake, wala kwa familia yake. Nimewahi kuona kocha akimtukania kijana mama yake mbele ya timu eti anamkomaza. Kijana yule hakukomaa, aliacha kikapu. Na zoezi likiisha, kaa naye, mwambie zile filimbi zilikuwa za uongo na umemwona alivyozibeba. Anahitaji kulisikia hilo kutoka kinywani mwako.

Kuzungumza na refa

Jifunze bei kwanza. Kwa kanuni za kimataifa, faulo ya kiufundi ya mchezaji inawapa wapinzani mtupo huru 1, inahesabiwa kati ya faulo zako 5, inaingia kwenye faulo za timu katika robo hiyo, na ukipata mbili unatoka. Piga hesabu: sentensi moja imekula pointi, imekula faulo yako, na imewasogeza wapinzani karibu na mitupo huru ya bure hadi robo iishe. Kwenye NBA kuna nyongeza: zikifika 16 katika msimu wa kawaida, unafungiwa mechi 1 bila malipo. Rasheed Wallace msimu wa 2000–01 alipata 41, rekodi ambayo haijavunjwa, na alikuwa mchezaji mwenye kipaji cha ajabu ambaye mwaka 2004 aliisaidia Detroit kutwaa ubingwa.

Bei kubwa kuliko zote ninayoijua aliilipa Draymond Green. Fainali za 2016, Golden State Warriors walikuwa wameshinda mechi 73 msimu ule na wanaongoza fainali 3–1 dhidi ya Cleveland. Katika mechi ya nne Green aligombana na LeBron James wa Cleveland, mkono wake ukaenda kusikotakiwa, na ligi ikamwandikia faulo mbaya. Kwa kuwa alikuwa amejikusanyia nyingine tangu mwanzo wa mtoano, akafungiwa mechi ya tano. Warriors wakaipoteza hiyo, wakapoteza ya sita, wakapoteza na ya saba. Mechi ya saba Green alirudi akafunga pointi 32, akachukua ribaundi 15 na kutoa asisti 9, yaani pasi za kufungisha. Namwonyesha kila mchezaji wangu mkali takwimu hizo, na ninamwambia azitazame kwa pande zote mbili. Moto ule ndio uliomtoa nafasi ya 35 alipochaguliwa mwaka 2012 hadi kuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2017. Na moto uleule ndio uliomweka nje ya mechi ya tano.

Namna ya kuongea ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Subiri mpira usimame. Mikono nyuma ya mgongo au ishike jezi. Usimwendee refa kwa kasi, mngoje apite karibu. Uliza, usishtaki: "Refa, nilimgusa wapi?" Ukiuliza hivyo anakujibu, na jibu lake linakusaidia, maana sasa unajua leo anaita nini na anaacha nini. Kama wewe si nahodha, mwachie nahodha. Kanuni zinampa yeye nafasi ya kumuuliza refa kwa adabu. Na usiulize zaidi ya mara mbili katika nusu moja ya mchezo. Mara ya tatu hakusikilizi tena, hata ukiwa na haki.

Diana Taurasi ndiye mwenye faulo nyingi za kiufundi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani. Ndiye pia mwenye pointi nyingi kuliko wote, wa kwanza kufikisha 10,000, na ana medali 6 za dhahabu za Olimpiki. Simtaji ili mtu apate kisingizio. Namtaja kwa sababu wasichana wakali huambiwa mapema kuliko wavulana kwamba ukali hauwafai, nami sikubali.

Wenzako

Chagua mtu wako wa maji. Mmoja tu, na aliye uwanjani muda mwingi unaocheza wewe. Mpe ruhusa mkiwa mmetulia, siku ya mazoezi: "Ukiniona nimeanza, nishike jezi uniambie neno langu." Ukimpa ruhusa hiyo mapema hutamsukuma siku ya mechi. Asipokuwa na ruhusa, akikushika utaona naye anakuonea.

Kuhusu kuwakalia wenzako kooni, hapa wachezaji nyota wengi huharibu. Kudai ni haki yako, hasa kama wewe mwenyewe unafanya unachokidai. Lakini sentensi yako iwe na kazi ndani yake. "Unacheza ovyo" ni tusi tu. "Mzibie njia ya kulia, anapita hapo kila mara" ni ulinzi. Mkifika benchi, nusu ya ukali wako tayari umegeuka kuwa mpango.

Michael Jordan alimpiga ngumi mwenzake wa timu, Steve Kerr, mazoezini mwaka 1995, kwenye kambi ya Chicago Bulls kabla ya msimu. Siku hiyohiyo alimpigia simu kuomba radhi. Mwaka 1997, fainali, mechi ya sita, sekunde za mwisho, mabeki wakamkimbilia Jordan wawili wawili, na pasi akampa Kerr. Kerr akafunga, wakawa mabingwa. Ngumi ile ilikuwa kosa na siitetei. Ninachotaka ukione ni simu ya siku ileile. Msamaha wa wiki ijayo unamkuta mwenzako ameshaacha kukukimbilia. Ukikosea asubuhi, omba radhi kabla jua halijazama, kwa maneno machache, na usimalizie kwa "lakini na wewe."

Neno kwa kocha

Usimtoe mchezaji mkali baada ya kulipuka. Umechelewa, na benchi limekuwa gereza. Mtoe dakika 2 kabla, na unaweza, kwa sababu daftari limeshakuambia dalili. Mimi naangalia masikio: nikimwita jina mara mbili asigeuke, anatoka. Akikaa, usimhubirie. Mpe kazi ya kuhesabu. "Namba 10 wao anaenda kushoto mara ngapi? Niambie nikikurudisha." Macho yaliyokuwa yamekaza kwenye adui mmoja yanafunguka, yanaanza kuuona uwanja. Kisha mrudishe wakati timu inalinda, kamwe usimrudishe kwenye mtupo muhimu.

Usingizi na chakula ni vitu vya kawaida: mchezaji aliyelala kwa saa 4 tu ana hasira za karibu zaidi, na aliyekuja na njaa hivyohivyo. Hilo halihitaji maelezo marefu.

Lakini hili linahitaji. Kuna hasira ambazo si za mchezo. Mchezaji anayerudi nazo nyumbani, anayepiga ukuta au mtu, asiyekumbuka alichofanya, anayekasirika hata mkishinda, huyo daftari langu halimtoshi. Novemba 2004 mchezaji wa NBA Ron Artest alipanda jukwaani Detroit kupigana na mashabiki, akafungiwa mechi 86 zilizobaki msimu ule, mtoano ukiwemo. Mwaka huohuo alikuwa ametajwa mlinzi bora wa ligi. Mwaka 2010, akiwa Los Angeles Lakers, alifunga pointi 20 katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Boston, pamoja na mtupo wa pointi 3 mwishoni uliowavunja moyo wapinzani. Alipohojiwa uwanjani baada ya mechi, mbele ya dunia nzima, alimshukuru daktari wake wa saikolojia. Nilikuwa naangalia na wachezaji wangu. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe mtu anaweza kusema hivyo?" Wiki ile ile alikuja ofisini kwangu, nikampeleka kwa mshauri, na alikaa na mshauri yule mwaka mzima. Kama ni wewe, nenda. Hakuna atakayekunyang'anya moto wako huko.

Namba 7 alichukua msimu mmoja na nusu. Katikati alirudi nyuma, akafukuzwa mechi moja, akatupa daftari kwenye ndoo ya takataka, nikaliokota nikaliweka kwenye begi langu bila kumwambia. Aliliomba mwenyewe baada ya siku 4.

Mechi ninayoikumbuka ilikuwa robo ya nne, tuko nyuma kwa pointi 1, ana faulo 4. Mtupo ukagonga pete, akaruka, na beki wao mkubwa akamshusha kiwiko kifuani. Filimbi haikulia. Akaanguka, mpira ukatoka nje, wakapewa wao. Nilimwona akiinuka, kifua kinapanda na kushuka, nami nikasimama bila kujijua. Mwenzake aliyepewa ruhusa alikuwa mbali, upande wa pili. Namba 7 akamgeuzia yule beki mgongo. Akashika pindo la bukta. Akapuliza. Kisha akakimbia kurudi, wa kwanza kuvuka mstari wa kati, na walipokosa mtupo wao alikuwa tayari ameshamziba yule yule beki kwa mgongo, magoti yamekunjwa, kiuno chini, hasogezeki. Mpira ukamwangukia mikononi. Hakuubeba kwenda kufunga mwenyewe. Alitoa pasi ya karibu, akaenda kuweka kizuizi, na aliyefunga ni msichana mwingine.

Baadaye nilimkuta chumbani, bado na jezi iliyolowa jasho, anaandika. Nilisoma juu ya bega lake, akaniachia nisome:

"Kiwiko. Kifuani. Ubao, mpira wangu."